Kosa Lina Jina

Juma lililopita mjukuu wangu Masika alipika kole, gundi ya muhogo, jikoni kwangu. Aliweka sufuria ndogo juu ya mbabula ya makaa, akanyunyiza unga wa muhogo ndani ya maji kidogo kidogo huku akikoroga kwa kijiti, mpaka ule uji ukawa mzito na kuanza kutoa mapovu makubwa yanayopasuka polepole. Harufu ikanifikia kitini. Ni harufu ya kitu ambacho kingeweza kuwa chakula lakini hakikuwa: uchachu kidogo, moshi kidogo, na utelezi ambao mtu huunusa kabla ya kuugusa. Nikajikuta nimesimama.

"Tate, uko unaenda wapi?"

"Siende fasi. Hiyo kole ni ya nini?"

"Ya ubao wa masomo. Kesho tunabandika habari. Batoto ba Mangina na ba Beni balikimbia vita wakaja kwetu, sasa tunakaa batu bane kwa banki moja ya darasa. Monsieur anasema kila mutu alete habari ya kwabo."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Sikutaka mtoto aone uso wangu. Kwa zaidi ya miaka hamsini nimenunua gundi ya dukani, hata ya kubandika picha moja, ili nisiinuse tena kole ya muhogo.

Ninyi mliosoma Butembo miaka tuliyosoma sisi mtakumbuka majengo yale ya matofali mekundu juu ya kilima, mikaratusi ikilia kwa upepo, na udongo ulioingia mpaka katika kurasa za Biblia. Mimi nilitoka Alimbongo, kwenye ukungu na kabichi, mtoto wa mwinjilisti. Nililetwa bwenini na baba asubuhi moja, akaniombea, akapanda lori la viazi akarudi. Alipokwisha kupotea barabarani niligundua kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja mahali pale aliyejua jina langu.

Na kulijua kusingewasaidia. Ilikuwa miaka ile majina ya ubatizo yalipokatazwa, kila mtu akabaki na jina la kwao. Kwetu Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa, na mimi ni mwana wa tatu, basi ni Kasereka. Katika darasa letu tulikuwa Kasereka wanne. Mwalimu wa hesabu, mtu wa Kasai, alipoita "Kasereka!" tulisimama wote wanne, na yeye akacheka mpaka akavua miwani. Baadaye wakatugawanya: Kasereka Mrefu, Kasereka wa Padiri, Kasereka wa Duka. Mimi nikawa Kasereka wa Alimbongo, na hilo lilimaanisha yule asiye na kitu cha kutambulika nacho ila alikotoka. Nilikula pembeni ya meza. Usiku wa kwanza hadi wa arobaini (nilihesabu) hakuna aliyeniambia lala salama.

Ekofo, aliyeitwa kwa jina la baba yake, alikuja katikati ya muhula. Baba yake alikuwa sajini katika kambi ya Beni, mtu wa mkoa wa Ekwateri, mbali kabisa, kwenye mito. Alimleta kwa lori la jeshi lenye taa moja. Ile nyingine ilikuwa shimo tu, na tangu siku ile wanafunzi wote walilijua lori lile. Kijana alishuka amevaa mashati mawili, moja juu ya lingine, meno yanagongana kwa baridi. Bwenini palibaki kitanda kimoja tu, kilichokuwa kando ya changu. Watoto wa askari hakuna aliyetaka kulala karibu nao.

Usiku ule nilimpa sweta aliyonifumia mama. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Weye ni nani?"

"Kasereka."

"Lakini ule pale naye ni Kasereka."

"Ndiyo. Na ule wa mulangoni."

Akasema kwa Kiswahili chake kilichojaa Lingala, "Kwenu batu balikosa majina? Wa tatu Kasereka, wa ine Kakule. Na wa kumi?"

"Wa kumi, mama anakuwa amechoka."

Alicheka akiwa amejifunika blanketi kichwani, ili surveillant, msimamizi wa bweni, asisikie. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka kwa neno langu mahali pale. Nilikaa macho muda mrefu kwa furaha.

Sasa nieleze ubao. Shule yetu ilikuwa na watu wa kila namna: Wanande, Wapere, watoto wa makarani kutoka Kasai, watoto wa askari, na mabinti wawili wa hakimu waliozungumza Kifaransa hata na mbwa. Prefe, ndiye mkuu wa shule, aliona kwamba kila kundi lilijua mambo ya kwao tu. Akaweka ubao mrefu chini ya paa la veranda, na kila Jumamosi alasiri tulibandika habari: za dunia, kutoka redio yake, za nchi, na za nyumbani, ambazo kila anayetoka likizo alipaswa kuleta. Siku ya Jumapili baada ya ibada wazazi walipita kuzisoma. Kwa mji ule, wakati ule, lilikuwa ndilo gazeti.

Ubao ulikuwa na sheria moja aliyotukaririsha prefe: "Habari haina jina, kosa lina jina." Maana yake, habari haitiwi sahihi, kwa sababu ni ya shule nzima. Lakini aliyekosea alipaswa kuandika masahihisho Jumamosi inayofuata, chini kabisa ya ubao upande wa kulia, na kutia jina lake. Niliona Kambale mmoja akisahihisha bei ya kahawa, masikio yamemwiva kama nyanya. Hakuna aliyependa kona ile.

Kazi yangu ilikuwa kupika kole. Habari sikuwa nazo. "Habari ya Alimbongo ni nini?" walinicheka. "Ukungu umekuja, ukungu umeenda." Ekofo yeye alipewa kazi ya kunakili, kwa sababu ya mwandiko. Sijaona tena mwandiko kama ule. Herufi zake ziliinama kidogo mbele, kama watu wanaopanda kilima, na mkia wa "g" aliupinda ndani kama ndoano. Jumamosi tulikaa wawili nyuma ya jiko, mimi na sufuria, yeye na kalamu ya wino. Alinisomea alichonakili. Aliniambia mto wa kwao ni mpana mpaka ng'ambo huioni, nami sikumwamini, nikamwambia kwetu maji hugeuka mawe asubuhi, naye hakuniamini. Kama mtu angeniuliza wakati ule nina nini duniani, ningemwonyesha mahali pale nyuma ya jiko.

Hata hivyo nilikuwa na njaa nyingine. Vijana wa Butembo walianza kuniita "boy wa soda", mtumishi wa askari. Kasereka wa Duka, ambaye baba yake alikuwa na magari matatu, alipita karibu na sufuria yangu, akaziba pua na kusema, "Mupishi, kole imeiva? Pelekea bwana yako akule." Wengine wakacheka. Nilitaka wacheke kwa neno langu tena, kama Ekofo alivyocheka, lakini nilitaka wao, wengi, meza nzima. Mtu mpweke akipata rafiki mmoja hashibi. Ndipo anapojua njaa yake ilikuwa kubwa kiasi gani.

Likizo ya Pasaka nilikwenda Kalunguta kwa dada yangu Kavira, aliyeolewa huko. Siku ya kurudi niliondoka gizagiza la alfajiri, kwa miguu, na mfuko wa maparachichi mgongoni. Sikuwa nimefika mbali na nyumba za mwisho niliposikia lori. Mama alitufundisha sisi sote, kabla hata ya kutufundisha kusali: gari la askari likisimama, mtoto aingie porini. Hatukuuliza kwa nini. Nikaingia katika shamba la mikahawa, nikalala kifudifudi.

Lori lilisimama njiani mbele yangu. Lilikuwa na taa moja.

Kutoka pale chini, kupitia majani na ukungu, niliona nusu ya mambo. Niliona miguu. Niliona magunia ya maharagwe yakirushwa juu ya lori haraka haraka, moja, mbili, sita. Wanawake, migongo yao ikinielekea, walikuwa wamejishika vichwa wakilia. Mzee mmoja alijaribu kupanda, na sajini, baba yake Ekofo, akamshika mabega na kumshusha, akimfokea kwa Lingala. Kisha lori likaondoka kuelekea Beni, na kilio kikabaki barabarani. Sikutoka nikauliza. Nilitambaa mpaka upande wa pili wa shamba, nikashika njia ya Butembo.

Nasema ukweli: niliogopa kwa mwendo wa saa moja tu. Baada ya hapo nilianza kufurahi. Nilikuwa na habari. Nilitembea njia nzima nikitunga sentensi zake, na kila nilipopanda mlima ziliongezeka nguvu. Niliamini nilichoona. Nilikuwa na haki ya kuamini. Sikuwa na haki ya kufurahi.

Mwalimu aliyesimamia ubao alikuwa kwenye mazishi juma lile, kwa hiyo hakuna mtu mzima aliyepitia karatasi zetu. Jumamosi nilimpa Ekofo daftari langu nyuma ya jiko. Niliandika kwamba sajini mmoja wa Beni, mwenye lori la taa moja, amechukua magunia sita ya maharagwe ya akina mama wa Kalunguta, na kumpiga mzee aliyeomba arudishiwe. Kumpiga! Hilo nililiongeza kwenye mlima wa mwisho. Sikutaja jina, na nilijiambia kwamba kutotaja jina ni wema.

Nilijifanya nakoroga kole. Alisoma. Akasoma tena.

"Uliona weye mwenyewe?"

"Niliona."

"Hapana kusikia kwa batu?"

"Na macho yangu, Ekofo."

Alikaa akitazama kalamu. Nilidhani atanitupia daftari usoni, na sehemu ya moyo wangu ilitaka afanye hivyo. Badala yake alichovya kalamu katika wino, akaandika yote, polepole, herufi zikipanda kilima kama kawaida. Hakuacha hata neno la kupiga. Kisha alisema kole inaungua, na kweli ilikuwa inaungua.

Tulibandika juu kabisa, mahali pa habari kubwa.

Jumapili wazazi walisongamana. Jioni Kasereka wa Duka alinisogezea nafasi katikati ya meza. "Kumbe Alimbongo kuna macho!" alisema, akanipiga bega. Nilikula pale. Maharagwe ndiyo yalikuwa chakula chetu cha kila siku, na ilipofika sahani ya Ekofo, kijana mmoja alimmiminia bakuli zima. "Kula, bwana. Ni ya baba yako." Meza ikalipuka kwa kicheko. Nilicheka nami. Ilikuwa sauti ndogo, ya koo tu, lakini yeye alikuwa akinitazama wakati inatoka.

Tangu siku hiyo alikula peke yake, pembeni, kwenye kiti nilichokuwa nakalia mimi.

Habari ikafika kambini. Katikati ya juma ofisa alikuja, akasoma ubao mikono nyuma, akaondoka bila kuaga. Kesho yake wakati wa bendera prefe alimwita Ekofo mbele yetu sote.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ndiyo, Monsieur."

"Habari ni ya nani?"

Nilikuwa safu ya pili. Nilitazama viatu vyangu; kimoja kilikuwa na kamba ya mgomba mahali pa kamba yake. Nakumbuka kamba ile kuliko nyuso za watu niliowazika.

"Habari haina jina, Monsieur," Ekofo alisema.

Prefe alikuwa mtu wa sheria zake. Alimrudisha mstarini.

Sajini alikuja kumchukua siku ya tatu, kwa lori lile lile. Alikuwa amehamishwa, arudi mbali, pamoja na mke na watoto. Sanduku likiwa tayari limepakiwa, alikwenda mwenyewe mpaka kwenye ubao, mtu mnene mwenye mwendo wa pole, akasoma huku kidole kikifuata mistari. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo ya veranda. Akageuka kwa mwanawe.

"Yo nde okomi oyo?" Ni wewe uliyeandika haya?

"Ee, papa. Ngai." Ndiyo, baba. Ni mimi.

Sajini hakumgusa. Alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba alikuwa ameacha kitu humo, akaivaa tena. Wakaenda.

Nilimkimbilia Ekofo akiwa mguu mmoja juu ya lori. Alivua sweta ya mama na kunirudishia.

"Juu ya nini ulikubali kuandika?" nilimwuliza. Fikirini, mimi ndiye niliyemwuliza yeye!

"Weye ulisema uliona," akajibu. "Mi sikukuwako. Baba yangu naye sikumuona. Ni paka weye tu uliona."

Likizo kubwa nilirudi Kalunguta. Dada alikuwa anamenya viazi uani pamoja na jirani, mwanamke aliyebeba kitoto mgongoni.

"Anaitwa nani?" niliuliza, kwa adabu tu.

"Kambale, mwana wa pili," jirani alisema. "Kambale Ekofo."

Nilicheka kwa hofu. Nikamwambia hilo si jina la kwetu.

"Ni jina ya ule soda wa jeshi," dada alisema bila kuinua kichwa. "Siku ulirudia Butembo, hukusikia? Huyu alikuwa anakufia njiani na uchungu, mutoto amekwama. Camion ya soda ikapita, akasimama. Akasema barabara ni mashimo tupu, huyu mama atakufa mbele ya kufika. Tukamupa magunia yetu ya maharagwe, akayatandika kama kitanda. Sisi huku tunalia tu. Baba mukwe wa huyu anataka kupanda, fasi haiko, soda akamushusha. Kesho yake magunia yakarudi yote sita. Hata kamba haikufunguliwa."

"Wasingya," mama wa mtoto alisema kwa Kinande, kana kwamba sajini alikuwa pale uani. Asante.

Shemeji yangu aliongeza kwamba askari yule alihamishwa, na hakuna aliyejua kwa sababu gani. Pengine kwa kubeba raia katika gari la serikali, jambo lililokatazwa. Basi ndiyo maana hakujitetea. Kumwambia mkubwa wake "sikuiba" kungekuwa kumwambia "nilibeba mgonjwa". Nilimpokea mtoto walipompitisha kwangu. Alikuwa mzito, mwenye afya, na alinishika kidole.

Masomo yalipofunguliwa kona ya masahihisho ilikuwa wazi. Kila Jumamosi nilijiambia, Jumamosi ijayo. Ningeandika mistari mitatu na kutia jina. Lakini sasa nilikuwa nakaa katikati ya meza, na ubao ulikosa mnakili, nami nikaomba kazi ile. Karatasi ya zamani ilikuwa bado imeshika pale juu. Kole ya muhogo ikikauka vizuri haitoki, unachuna vipande. Nilichuna vile vipande, nikavificha katika Biblia, na kwa mwaka mzima nikajifunza kuandika kwa kuvifuatisha. Niliuiga mkia wa "g". Niliziinamisha herufi. Kufikia mtihani wa serikali walimu walikuwa wakinisifu kwa mwandiko. Nimekuwa karani wa parokia yetu tangu nioe. Vyeti vya ubatizo na vya ndoa vya nusu ya mtaa huu vimeandikwa na mkono wa Ekofo, na watu wananishukuru mimi.

Sijui aliishia wapi. Mara mbili niliwapa barua askari wa kwao waliokuwa wanarudi. Majibu hayakuja, na vita vilivyofuata viliwatawanya watu wengi kuliko karatasi. Kambale Ekofo ninamjua. Analima Kalunguta, ana wajukuu, na ananisalimu kwa heshima sana tukikutana sokoni. Sijawahi kumweleza.

Nilikuwa bado kwenye ngazi Masika alipotoka na sufuria ya kole ameishika kwa kitambaa.

"Tate, unisaidie kuandika. Mwandiko yako ni muzuri kupita ya Monsieur."

"Kwenye ubao wenu kuna fasi ya masahihisho?"

"Ni nini, masahihisho?"

Nilimweleza. Alifikiri kidogo, akasema chini kule upande wa kuume patabaki nafasi, kama mkono huu. Nikamwambia anitafutie karatasi na kalamu. Aliketi kando yangu akisoma juu ya bega langu kila neno nilipoliandika, akauliza Ekofo ni nani, nikamwambia asubiri nimalize. Niliandika hivi:

*Masahihisho. Katika ubao wa shule yetu ilisomwa kwamba sajini wa lori la taa moja aliiba magunia sita ya maharagwe huko Kalunguta na kumpiga mzee. Si kweli. Alimbeba mama mwenye uchungu mpaka hospitali, magunia yakawa kitanda, na yalirudi yote. Hakumpiga mtu. Mwanawe Ekofo alinakili tu, hakuitunga. Aliyeitunga alikuwa amejificha katika mikahawa, na aliona nusu.*

*Kasereka wa Alimbongo.*